Nyumba ya jumuiya ya Wamoravian kule Bethlehem, Marekani: wajuzi wa ujenzi na historia naombeni msaada

binti_rungwe

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote humu shikamooni. Sisi vijana wa usharika wetu hapa Dar tumepewa kazi ya kuandaa maelezo kuhusu chimbuko la kanisa letu la Moravian, kila mtu na sehemu yake, mimi nimepangiwa majengo. Sasa nimekomaa na nyumba moja inaitwa Gemeinhaus, ipo mji wa Bethlehem jimbo la Pennsylvania, na kila nikisoma maswali ndio yanazidi.

Ninachojua mpaka sasa ni kwamba walianza kuijenga 1741, upande wa pili ukakamilika 1743, ndio jengo la zamani kuliko yote yaliyobaki pale mjini, na siku hizi ni makumbusho. Kila mahali wanaandika nyumba ya magogo, tena wanasema ni moja ya nyumba kubwa kabisa za magogo za karne ya 18 zilizobaki Marekani. Ila nikiangalia picha sioni gogo hata moja! Naona mbao nyembamba tu kwa nje zimepangwa moja juu ya nyingine, na madirisha mengi madogo madogo hadi kwenye paa. Magogo yako wapi?

La pili, nani alikuwa anaishi humo, maana huku wanasema kanisa, kule wanasema shule, kwingine wanasema wagonjwa walitibiwa humo, kwingine nyumba ya wachungaji. Haiwezekani vyote kwa pamoja, au inawezekana?

La tatu ndio linanigusa zaidi. Bibi mzaa mama kabatizwa Rungwe, nyumbani ni Moravian toka zamani, na Tanzania ndio nchi yenye Wamoravian wengi kuliko zote duniani. Hiyo nyumba ya Marekani inatuhusu vipi sisi, au nitakuwa nasimulia habari za watu wengine kabisa? Naombeni majibu ya kueleweka, mada ni Jumapili ijayo.

fundi_goba

Dada hilo la magogo niachie mimi, niko kwenye ujenzi na nyumba za mbao za zamani ndio ugonjwa wangu.

Magogo yapo, yamefunikwa. Hizo mbao unazoziona zimeongezwa baadaye, karne ya 19, nyumba ikiwa imeshakula miaka yake mingi tu. Nyuma ya hizo mbao kuna ukuta mzito wa mti wa mwaloni. Na usifikirie gogo la mviringo lililolazwa na maganda yake, hapana, linachongwa kwa shoka pande zote mpaka linakaa mraba, ndio linalazwa juu ya mwenzake. Utamu wote uko kwenye kona. Wale Wajerumani wa Pennsylvania walikuwa wanachonga kichwa cha gogo kinakuwa kipana mwishoni na chembamba kwa ndani, halafu kwa mshazari, gogo la ukuta wa pili linakuja na umbo hilohilo linakaa juu yake, yakishalaliana hakuna linaloweza kuchomoka kwenda nje. Na kadri unavyopandisha ukuta, uzito wa juu unazidi kuibana ile kona. Msumari hauna kazi pale, ukuta unajishika wenyewe. Nafasi kati ya gogo na gogo wanajaza udongo uliochanganywa na majani makavu, yani wanakandika kama tunavyokandika nyumba ya fito huku kwetu.

Sasa kwanini wafunike kazi nzuri namna hiyo? Maji. Mti ukatwapo, kile kichwa chake ndicho kinachokunywa maji kuliko ubavu, na kwenye nyumba ya magogo vichwa vyote vimejikusanya kwenye kona, mahali ambapo nyumba nzima imejishikia. Mvua inapiga, theluji inalala pale na kuyeyuka, na ule udongo wa katikati unaliwa kidogo kidogo. Ukipiga mbao kwa nje, ya juu ikaikalia ya chini kidogo, maji yanateleza mpaka chini bila kugusa ukuta. Kwa hiyo mtu akikwambia wameharibu nyumba kwa kuificha mimi namkatalia, zile mbao ni koti, na ukiwa na koti ukuta utabaki mkavu. Ila lazima kuwe na upenyo wa hewa nyuma ya mbao, ukibana sana unyevu unafungiwa ndani na mti unaoza bila mtu kuona.

Angalia na paa lenyewe kwenye hiyo picha. Limesimama sana, theluji isikae, na huku chini karibu na fisha bodi linajikunja kidogo kwenda nje ili maji yaangukie mbali na msingi. Vile vidirisha kwenye paa vimepangwa safu mbili, maana yake ndani ya kenchi kuna sakafu mbili za kutumika na sio stoo ya panya. Ndio maana utasoma ni nyumba ya ghorofa tano wakati kwa nje ukuta unaonekana mfupi, wanahesabu na zilizomo kwenye paa.

Na kitu ambacho watu wanakiruka: fuatilia tarehe za majengo ya jirani. Nyumba ya mabinti 1744, nyumba yenye kengele 1746, nyumba ya vijana wa kiume 1748, kanisa dogo 1751, yote hayo ni ya mawe, kuta nene kweli, na juu ya madirisha kuna matao. Gemeinhaus peke yake ndio ya magogo katika kundi hilo kwa sababu ndio ya haraka. Wamefika porini, baridi inakuja, miti imewazunguka, huna muda wa kuchimba mawe na kuchoma chokaa. Unakata mti uliopo mbele yako na kusimamisha kitu kitakachowaingiza watu wote ndani. Mawe yalikuja wakishapata pumzi. Mimi hiyo hali ya haraka ndio inanifanya niipende hiyo nyumba kuliko hayo mengine, mtu amejenga akiwa na wasiwasi wa baridi na bado kona zimekaa mpaka leo.

mwalimu_mstaafu_temeke

Marahaba binti. Fundi kaeleza vizuri sana, mimi niingie kwenye swali la pili, na jibu ni kwamba inawezekana vyote kwa pamoja, na hapo ndipo ilipo historia yenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Hawa ni wafuasi wa mbali wa Jan Hus, padri wa Bohemia aliyechomwa moto Konstanz mwaka 1415. Umoja wao ulianza 1457, ukateswa karibu ya kufutika, halafu mwaka 1722 wakimbizi wachache wakapewa hifadhi kwenye ardhi ya Count Zinzendorf huko Saxony, Ujerumani, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Kutoka hapo ndio wakaanza kutuma watu, 1732 wawili wa kwanza wakaenda kisiwa cha St. Thomas, na 1741 ndio wako Pennsylvania kwenye makutano ya mto Lehigh na kijito cha Monocacy. Mwanzoni walikuwa na kibanda kimoja tu, nusu watu nusu mifugo. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1741 Zinzendorf akiwa nao humo, wanaimba nyimbo za Krismasi ng'ombe wakiwa upande wa pili wa ukuta, pakapewa jina Bethlehem. Kibanda chenyewe kilibomolewa 1823. Gemeinhaus ndio iliyobaki kutoka siku zile za mwanzo.

Sasa ukae ujue hawa watu walikuwa na uchumi wa pamoja. Hakuna mshahara, hakuna mwenye shamba lake, unafanya kazi kwa ajili ya wote na unalishwa, unavishwa na kulala kwa gharama za wote. Msimamizi wao mkubwa alikuwa Spangenberg. Wakafika hatua ya kuwa na zaidi ya kazi za ufundi thelathini pale kijijini, kuanzia wahunzi mpaka watengeneza ngozi, na wakavuta maji kwa pampu kutoka chini bondeni mpaka juu kwenye makazi, lile jengo la pampu la 1762 bado lipo. Mpango huo wa uchumi wa pamoja ulivunjwa mwaka huohuo wa 1762.

Kwa maisha ya namna hiyo nyumba ya mtu mmoja mmoja haina maana. Watu waligawanywa kwenye makundi kufuatana na umri, jinsia na hali ya ndoa: watoto, wavulana, wasichana, vijana wa kiume, mabinti, wanandoa, wajane. Kila kundi lina mahali pake pa kulala, ibada zake na viongozi wake, na kundi la wanawake linaongozwa na wanawake wenyewe, jambo ambalo kwa karne ya 18 ni kubwa sana. Hata waliooana hawakukaa kama tunavyokaa sisi, baba mama na watoto chini ya bati lao, watoto walilelewa kwa pamoja toka wakiwa wadogo kabisa. Mwanamke ulikuwa unamjua kundi lake kwa utepe wa kofia yake: mwekundu msichana, wa waridi binti asiyeolewa, bluu aliyeolewa, mweupe mjane.

Sasa weka mambo hayo yote ndani ya nyumba moja ya magogo. Ghorofa ya kwanza juu kulikuwa na ukumbi wa ibada, wao wanauita Saal. Usitafute madhabahu wala mimbari ya kupanda ngazi, ni chumba cheupe, mabenchi, kiongozi amekaa kwenye meza ya kawaida, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Humo ndimo walimoabudia mpaka lile kanisa dogo la mawe lilipokamilika 1751. Vyumba vingine watu walilala, vingine watoto walifundishwa, vingine wagonjwa waliuguzwa, na wachungaji walikuwa humohumo. Makundi yalipojengewa nyumba zao za mawe, Gemeinhaus ikapumua, ikabaki zaidi kuwa makazi ya wachungaji na familia zao.

Ndio maana 1780 akazaliwa humo Lewis David de Schweinitz, mchungaji aliyekuja kuwa mtaalamu mkubwa wa uyoga na kuvu Marekani, na bibi yake mzaa mama alikuwa Benigna binti wa Zinzendorf. Kwa heshima yake nyumba hiyo ikatangazwa alama ya kitaifa mwaka 1975.

karani_wa_ilala

Mimi ni Mlutheri, nasali Azania Front, ila uzi huu nimeusoma wote. Mwalimu naomba kuuliza bila kumkwaza mtu. Miaka ya 1740 Pennsylvania si utumwa ulikuwepo? Hao ndugu wa uchumi wa pamoja, je, Waafrika walikuwepo pale, na kama walikuwepo walikuwa ndugu au mali? Maana binti anaenda kusimama mbele ya vijana wa Kitanzania, hilo swali lazima litaulizwa.

mwalimu_mstaafu_temeke

Swali la msingi kabisa ndugu yangu, na lisikwepwe.

Walikuwepo, na kwa uchungu ni kwamba walikuwa vyote viwili. Binti andika jina hili: Ofodobendo Wooma. Mwigbo, sehemu ambayo leo ni Nigeria. Akiwa mtoto na baba ameshafariki, ndugu yake alimweka rehani kwa ajili ya mbuzi wawili, kutoka hapo akauzwa, akavushwa bahari mpaka Antigua, halafu New York. Mwaka 1746 akafikishwa Bethlehem akabatizwa kwa jina la Andrew. Kanisani akawa ndugu kama ndugu wengine, ila kwenye karatasi za sheria aliendelea kuwa mtumwa. Mwaka 1762 akamwoa Magdalena, naye Mwafrika aliyepitia utumwa. Andrew akafariki 1779.

Tunayajua haya kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu Wamoravian walikuwa na utaratibu kwamba kila mtu anaacha historia ya maisha yake na inasomwa kwenye mazishi yake. Hata ya Mwafrika aliyenunuliwa iliandikwa na kutunzwa. Na makaburini kwao mawe yote yamelazwa chini, mafupi, ya ukubwa mmoja, watu wamezikwa kwa makundi yao sio kwa familia wala rangi, Mwafrika, Mwindiani wa kabila la Mohican na Mjerumani wako mstari mmoja. Mimi nikisoma hilo nafurahi na naumia kwa wakati mmoja. Usawa wa kaburini waliuweza, wa sheria hawakuupigania kwa Andrew akiwa hai. Vijana waambiwe yote mawili, wana akili za kutosha.

karani_wa_ilala

Asante mwalimu. Mbuzi wawili. Nimebaki na hilo tu.

mwana_wa_tabora

Nijibu la tatu maana naona wamelisahau, na binti amesema ndilo linalomgusa.

Linatuhusu moja kwa moja dada. Sio kwamba Bethlehem ya Marekani ndio ilituletea injili, waliokuja kwetu walitoka Ujerumani, upande wa Herrnhut. Mwaka 1891 walikuja wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, wakaingilia upande wa ziwa Nyasa. Häfner akafariki mwaka uleule. Waliobaki wakasimamisha Rungwe, huko kwa bibi yako. Upande wetu wa Unyamwezi walipokea kituo cha Urambo 1898 kutoka kwa Waingereza wa London Missionary Society waliokuwepo kabla yao. Kwa hiyo Gemeinhaus na Rungwe ni watoto wa mama mmoja, ila mmoja kamzidi mwenzie miaka 150.

Na ukitaka kuona undugu wenyewe usiangalie magogo, angalia mpangilio. Nenda misheni yoyote ya zamani ya Moravian, iwe Rungwe, Sikonge au Mbozi, utakuta kanisa, shule, hospitali, nyumba ya mchungaji na karakana vimekaa sehemu moja, mtu anazaliwa, anasoma, anatibiwa, anajifunza useremala na kuzikwa bila kutoka nje ya misheni. Yale yaliyokuwa chini ya paa moja Bethlehem 1743 huku kwetu yamesambazwa uwanjani. Hata hapa Dar ukiangalia kwenye usharika, makundi yapo: vijana, akina mama, kwaya, sijasema ni yaleyale ya tepe za kofia, ila mtu hajiulizi yeye ni wa wapi. Na muhuri ni mmoja, mwanakondoo amebeba bendera, Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Pia kile kitabu cha neno la kila siku, Herrnhut wanakitoa kila mwaka toka 1731 mpaka leo.

Kingine cha kuweka kwenye mada yako ni kwamba Julai 2024 UNESCO, kwenye mkutano wa New Delhi, waliiingiza Bethlehem kwenye urithi wa dunia pamoja na Herrnhut na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini, wakaungana na Christiansfeld ya Denmark iliyotangulia 2015. Gemeinhaus imo kwenye majengo yaliyotajwa. Huo urithi wameuweka kama kitu kimoja kilichotawanyika nchi nne, hawajauita wa Wajerumani wala wa Wamarekani.

fundi_goba

Hapo kwenye UNESCO mwana_wa_tabora umenigusa kidonda. Bethlehem nyumba ya magogo inafika karibu miaka 300 kwa sababu kila kizazi kilibadilisha mbao iliyooza na kuacha iliyo nzima. Huku kwetu nyumba ya misheni ya matofali ya kuchoma, kuta nene, mbao za ndani bado ngumu, inavuja sehemu moja ya paa, kikao kimoja tu tayari imeshushwa yote na linapanda jengo la bloku na vioo. Nimeona hivyo kwenye kazi zaidi ya mara moja na inaniuma kila mara, ile mbao iliyotolewa inaishia kuwa kuni za kupikia mafundi.

Binti kama kuna mtu wenu anaenda Rungwe likizo, mpeni tepu ya kupimia na simu yenye picha nzuri. Apime urefu na upana wa kila chumba, unene wa ukuta kwenye fremu ya mlango, kimo cha dirisha kutoka sakafuni, apige picha kenchi kwa ndani na namna mbao zilivyoungana. Aombe ruhusa kwa mchungaji kwanza. Kazi ya siku moja, na siku paa likibadilishwa itajulikana lilivyokuwa.

binti_rungwe

Jamani asanteni sana, sikutegemea nitapata majibu namna hii. Mwalimu shikamoo tena, habari ya Ofodobendo Wooma naisimulia yote kama ulivyoiweka, sipunguzi kitu. Mwana_wa_tabora, hilo la misheni kuwa nyumba moja iliyosambazwa uwanjani ndio nitaanza nalo, watu wanaijua Rungwe hawaijui Pennsylvania, naona ni bora nitoke kwetu ndio niende kwao. Mjomba yuko Tukuyu na ni mtu wa kupenda mambo hayo, tepu nitamtumia na basi.

Fundi ombi moja tu. Ile kona ya magogo nimejaribu kuwachorea wenzangu kwenye karatasi hakuna aliyeelewa, wanauliza litazuiaje kuchomoka bila msumari. Inawezekana ukachonga ya mfano, ndogo tu, tuipitishe mkononi?

fundi_goba

Inawezekana sana. Nina vipande vya mninga vimebaki kwenye kazi ya milango, nitachonga magogo manane madogo, pande nne, safu mbili kwa kila kona ili waone uzito wa juu unavyobana. Unaweza kuyabomoa na kuyapanga upya mwenyewe. Ijumaa jioni nipo karakana, njoo na mtu mmoja wa kukusaidia kubeba, na njoo na penseli tuweke namba kwenye kila gogo, vinginevyo mtachanganya kona na haitakaa.